Kumwandaa mwimbaji si kumharakisha jukwaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi na vijana wanaotafuta mwalimu wa uimbaji. Yameenea matangazo yanayoahidi kumtoa mwanafunzi akiwa mwimbaji kamili baada ya miezi michache, na ushahidi unaotolewa karibu kila mara ni mmoja: mwanafunzi sasa anafika nota ya juu ambayo zamani ilimshinda. Nikiwa mwalimu wa kazi hii, naona kipimo hicho ni kibovu, kwa sababu nota ya juu inaweza kufikiwa kwa kukaza shingo na taya, na sauti inayojengwa kwa njia hiyo haidumu.

Mwimbaji anaposhika ile nota iitwayo “la”, inayotumiwa kulinganishia ala, nyuzi zake za sauti hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde moja, kwa hiyo wimbo wa dakika nne peke yake huzigonganisha makumi ya maelfu ya mara. Pumzi ikisukumwa kupita kiasi, nyuzi huvimba. Na uvimbe huo ukirudiwa siku baada ya siku bila mapumziko, huweza kuota vinundu vinavyozizuia kufunga sawasawa, sauti ikabaki na mkwaruzo huku pumzi ikivuja. Kwa kuwa vinundu mara nyingi haviumi, mwanafunzi huendelea kuimba akidhani amechoka tu, na mwalimu asiye makini humhimiza aongeze bidii.

Jenny Lind, mwimbaji wa Sweden, alikwenda Paris mwaka 1841 akiwa kijana bado, sauti yake ikiwa imechakazwa na kazi ya jukwaani. Mwalimu Manuel García hakumpa wimbo mpya; alimtaka kwanza aipumzishe sauti kwa wiki kadhaa, ndipo akaanza kumfundisha upya namna ya kuvuta pumzi na kuitoa. Lind alirudi jukwaani na kupata sifa kubwa kuliko ya awali. Sina hakika ni wazazi wangapi leo wangekubali kulipia wiki za ukimya.

Kumwandaa mtu kwa ajira ya uimbaji kunahitaji pia mambo ambayo hayaonekani katika onyesho la mwisho wa muhula. Mwanafunzi ajue kusoma nota, ajue upeo wa sauti yake, na awe na ujasiri wa kumwomba mpiga kinanda ashushe ufunguo wa wimbo, yaani upigwe kwa nota za chini zaidi, bila kuona haya. Kijana wa kiume ambaye sauti yake inavunjika asilazimishwe kuimba sehemu aliyoiimba mwaka uliotangulia, hata kama kwaya itapungukiwa. Kuiga mwimbaji maarufu kutoka kwenye rekodi nako kuna hatari yake, kwani kile anachokisikia kimepita kwenye maikrofoni na mitambo ya studio, naye anajaribu kukitoa kwa koo tupu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mwimbaji kuisikia sauti yake mwenyewe. Mtu yeyote akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia, na mwimbaji mbele ya bendi asiyekuwa na spika ya kujisikilizia hupiga kelele usiku kucha akiamini anaimba. Kwa hiyo, kabla ya kumwachia mwanafunzi aende kufanya kazi za malipo, mwalimu angepaswa kumfundisha kuuliza kuhusu vyombo vya sauti, idadi ya nyimbo na muda wa mapumziko, na mambo hayo yaandikwe katika mkataba sambamba na malipo yake na haki zake katika rekodi. Najua wapo wenzangu watakaosema hiyo ni kazi ya wanasheria na mafundi mitambo. Lakini mwanafunzi wa miaka kumi na tisa hana mwanasheria, ana mwalimu.

Mzazi anayetaka kumpima mwalimu kabla ya kulipa ada amwulize swali moja: mwanangu akiamka sauti imekauka siku ya onyesho, utamwambia afanye nini? Akijibiwa kwamba kuna dawa ya kunyunyiza kooni na onyesho litaendelea, aondoke akatafute mwalimu mwingine.

Wasalaam,
Mwalimu wa uimbaji