Wamarekani wameweka Jiko na Boma kwenye hoteli yao, sisi tunataka vioo

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba muiache ilivyo maana imenikaa moyoni karibu wiki mbili sasa. Mimi ni fundi mwashi wa hapa Mikindani, kazi hii niliianza nikiwa nambebea mjomba mchanga na maji mpaka leo mimi ndo nina vijana wa kunibebea, kwa hiyo ninachoandika nakijua kwa mikono.

Jumamosi moja jioni kijiweni kwetu pa kahawa kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha hoteli mpya ya Marekani, inaitwa Helios Grand Hotel, ipo Orlando kule Florida, imefunguliwa Mei 2025 pamoja na bustani kubwa ya michezo na mabembea inaitwa Epic Universe. Ina vyumba 500 na ina mlango wake wenyewe wa kuingia bustanini, yani mgeni anashuka kwa lifti anapita mlango huo yuko kwenye michezo tayari. Na wamejenga nyingine mbili hapohapo jirani, Stella Nova na Terra Luna, kila moja vyumba 750. Jumlisha mwenyewe, hoteli tatu vyumba 2,000.

Basi vijana wakawaka. Mmoja akasema hii hii ndo tunaitaka Msimbati, ichukuliwe ramani yake ijengwe kama ilivyo, mwingine akasema hapana iwekwe Shangani mjini watu waione, vioo chini mpaka juu, maporomoko ya maji ya watoto, lifti, marumaru zinang'aa, na Mtwara na sisi tuitwe mji. Wazee walikunywa kahawa yao kimya. Mimi nikamwambia yule kijana mwanangu nitumie hizo picha zote wasap, na kweli akanitumia nikakaa nazo usiku nazikuza nazipunguza.

Nisiwe mwongo, Helios Grand nimeipenda, na nilichokipenda si urembo, ni pale ilipokaa. Imewekwa mwisho kabisa wa bustani, ukiwa ndani ya bustani ukiinua macho unaiona kule mbele imefunga mtazamo wote, na aliyelala ndani akifungua pazia anaiona bustani chini yake usiku taa zinawaka. Maana yake mchoraji alianza na swali la mgeni akiamka atatazama nini, ukuta ukafuata. Hapa kwetu nimeshapewa ramani ya lodji iko mita hamsini toka baharini halafu dirisha la chumba linatazama ukuta wa jirani na bahari imepewa choo.

Kijana alivyoona nimependa akaniongezea na za zamani. Ipo moja ya Disney, wale Wamarekani wa katuni na bustani za michezo, inaitwa Contemporary Resort, ilifunguliwa 1971 huko huko Florida, treni inayokwenda juu ya reli moja inapita ndani ya jengo katikati kabisa, na vyumba vyake vilitengenezwa pembeni vikiwa chumba kamili halafu kreni ikavinyanyua kimoja kimoja na kuvichomeka kwenye fremu ya chuma kama droo kwenye kabati. Kazi ile ningetamani ningekuwepo hata kwa kushika kamba tu.

Sasa Mhariri ngoja nifike kwenye lenyewe. Katika hizo picha kuna hoteli inaitwa Animal Kingdom Lodge, ya Disney pia, ilifunguliwa 2001, mchoraji wake Peter Dominick. Jengo la kwanza linaitwa Jambo House. Jengo la pili ambalo lilifunguliwa 2009 linaitwa Kidani Village. Mgahawa mmoja unaitwa Jiko, mwingine Boma, mwingine Sanaa. Bwawa moja la kuogelea ni Uzima Springs, jingine Samawati Springs, na sehemu mojawapo ya nyika wanapolishia wanyama chini ya vyumba vya wageni wameipa jina la Arusha. Nilimwamsha mama watoto nikamsomea moja moja hakuamini, akasema huko nako kuna Waswahili? Nikamwambia kuna Kiswahili.

Na si majina tu. Jengo limepinda kama kiatu cha farasi, wamefuata umbo la zizi la ng'ombe, katikati wameacha nyika twiga na pundamilia wanapita na mgeni anawatazama akiwa kibarazani kwake. Kuta za ndani zimejaa vinyago na kazi za mikono kutoka nchi nyingi za Afrika. Na ile bustani ya wanyama ya jirani yake, ambayo ilifunguliwa 1998, ina kimji cha kutengeneza kinaitwa Harambe ambacho sura yake waliitoa Lamu, wakaleta mafundi Wazulu toka Afrika Kusini kuja kuezeka nyasi kwa mikono yao. Watu wenye kreni na kompyuta walipofika kwenye paa la nyasi walijua hapa lazima aitwe mwenye kazi yake. Hilo limenigusa sana, kwa sababu hapa Mtwara fundi wa makuti anaitwa mwisho kabisa hoteli ishakwisha, eti aweke kibanda cha baa.

Ila kuna kitu kwenye ile hoteli hakijanikaa sawa na nakisema. Wamechukua Kiswahili wakakivisha zizi. Sisi watu wa pwani huku hatujakaa kwenye zizi, tuna nyumba za mawe na chokaa, tuna baraza, tuna ua wa ndani, tuna mlango wa nakshi, na neno Jiko au Kidani limezaliwa kwenye nyumba hizo. Angalau Harambe wao walikwenda kuangalia Lamu, lakini kwenye hoteli yenyewe anapolala mtu, Uswahili umebaki kwenye vibao vya milango. Siwalaumu sana, wao wako Florida. Sisi tulioko Mikindani na Lindi na Kilwa tukiikosa hiyo nyumba tutamlaumu nani?

Mwaka juzi nilikwenda Kilwa Kisiwani, nilikuwa na kazi Kilwa Masoko nikavuka na boti. Nikapelekwa Husuni Kubwa, gofu la jumba la masultani wa zamani. Kama hujafika, nenda. Lilijengwa karne ya 14 mwanzoni, zama za Sultani Hasan bin Sulaiman, huyo huyo aliyekuwa anatawala Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita Kilwa mwaka 1331. Limekaa juu ya jabali, bahari iko chini, lina vyumba zaidi ya 100, lina nyua moja baada ya nyingine, na lina bwawa la pembe nane. Narudia, bwawa, la pembe nane, limejengwa kwa mawe na chokaa karibu miaka 700 iliyopita katika mkoa wa Lindi. Nilisimama ukingoni pale nikaangalia zile pembe zilivyokutana, nikatoa futi yangu mfukoni nikairudisha, nikaona haya kupima kazi ya mtu namna ile. UNESCO wameiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Sasa mtu akiniambia Kusini tukachukue ramani ya hoteli yenye bwawa kutoka Orlando naumia, wallahi naumia.

Ngoja niwaeleze na kilichonifanya nisiamini vioo. Kipindi gesi ilipopamba moto hapa Mtwara kila mwenye kiwanja alikuwa anajenga lodji, na mimi nilikuwa kwenye saiti ya moja ambayo siitaji. Mbele yote kioo na alumini, na mbele yenyewe inatazama magharibi. Nilimwambia msimamizi bosi jua la saa kumi litaingia humu mpaka kitandani, akanijibu kila chumba kina esi wewe jenga. Nikajenga. Ilipofunguliwa umeme ukakatika usiku wa mwezi wa pili, jenereta likagoma, wale wageni walishindwa kukaa ndani wakatoa magodoro nje kwenye sakafu ya maegesho ya magari, watoto wanalia joto, mama mmoja anampepea mwanawe kwa kipande cha boksi. Dirisha lenyewe lilikuwa halifunguki, kioo kizima kimegandishwa. Mimi nilikuwa nimeitwa kuziba bomba nikayaona haya kwa macho yangu, na ukuta ule niliujenga mimi. Baada ya miaka michache na chumvi ya bahari ikafanya yake, nondo zilizofunikwa zege jembamba zikashika kutu zikavimba, nguzo zikapasuka, kibaraza cha juu wakakifunga watu wasipande.

Usiku huo huo wa magodoro nikarudi Mikindani, nyumba ya bibi ya mawe, ukuta unene karibu nusu mita, dari iko juu, matundu ya hewa pande mbili. Nikalala na shuka.

Kwa hiyo kama kweli ipo siku atakuja mwekezaji na hoteli ya michezo huku kwetu, na naombea aje maana vijana wanahitaji kazi, mimi nataka jengo liwe hivi. Ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, ule mfupi ndo upokee jua la asubuhi na la jioni, maana kaskazi na kusi zote zinapita hapa, ukizielewa zinakupoza bure mwaka mzima. Vyumba vizunguke ua wenye maji na mti wa kivuli, kama Husuni Kubwa. Baraza iwe ndefu kweli kweli, mgeni akae hapo na mwenyeji akae hapo, siyo ukuta wenye nyaya za shoti halafu baraza imechorwa ndani ya picha. Hayo maporomoko ya maji ya watoto yawekwe nyuma ya minazi, sina ugomvi nayo, watoto wacheze. Milango ichongwe na wachongaji wetu, na Wamakonde wa Newala na Mtwara wapewe kazi ya nguzo na kuta tangu ramani inachorwa, wasije kuitwa siku ya mwisho kuuza vinyago getini. Disney amekusanya sanaa ya Afrika nzima kuijaza hoteli yake, sisi wachongaji tunapishana nao stendi.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa haki. Sisemi tuchimbe matumbawe baharini tukachome chokaa kama zamani, hapana, hilo tumeshaliumiza sana ghuba letu na samaki walikimbia, na kule Msimbati ni hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma tangu mwaka 2000. Wala sisemi tukate mikoko tupate boriti. Boriti zenyewe ndo zilizokuwa zinafanya vyumba vya wazee viwe vyembamba, karibu mita mbili na nusu tu, maana mti hauendi zaidi ya hapo. Leo saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara, zege litatupa chumba kipana tutakavyo, cha msingi zege lifunike nondo vizuri, plasta iwe ya chokaa ya mawe ya nchi kavu, na paa litoke nje lifunike ukuta na mvua. Umbo la wazee tulichukue, mali ghafi tutumie ya leo. Na kimbunga tusikisahau, Mei 2024 Hidaya alipokuja madaraja ya barabara ya Kilwa yalikatika na Lindi na Mtwara tukakaa bila njia ya Dar, kwa hiyo jengo la kioo kwenye ufukwe kabisa mimi hata nikilipwa mara mbili siweki jina langu.

Wapo watakaosema watalii wanapenda mambo ya kisasa. Basi waje walale Boma la Mikindani, walijenga Wajerumani 1895, likachakaa, likakarabatiwa na ni hoteli hadi leo, kuta nene zilezile nyeupe. Wageni wanatoka Ulaya wanapanda mpaka mnarani kuangalia ghuba, hakuna aliyeuliza vioo viko wapi. Yule kijana wa kijiweni nilimpeleka hapo Jumapili iliyopita, hajawahi kuingia na amezaliwa mita mia nne toka pale. Aliingia akagusa ukuta akasema mjomba mbona humu kuna baridi.

Ombi langu ni dogo. Mchoraji yeyote atakayepewa kazi ya hoteli huku Kusini, kabla hajafungua kompyuta aje mwezi wa pili, saa nane mchana, asimame kwenye kiwanja chenyewe bila gari la esi, halafu avuke Kilwa akaone bwawa la pembe nane. Mimi nitamsindikiza, nauli ya boti nitajilipia mwenyewe.

Fundi mwashi,
Mikindani, Mtwara