Kreti ikiinama isirudi, tuulizane kilichoingia kwenye hopa, mdomo wa mashine ya plastiki

Kuna mteja amerudisha kwenye karakana yetu ya kupiga plastiki kreti zake za nyanya akisema tumemwibia. Sakafu zimebonyea, na kwenye pembe za mishikio kuna mistari myeupe. Lalamiko hili linarudi kila nyanya za Ilula zinapoanza kushuka Dar es Salaam kwa wingi, kwa hiyo leo tunalijibu hadharani, pamoja na suala la bei yetu kuwa juu.

Plastiki hubeba mzigo kwa kunepa, na mzigo ukitoka inarudi. Lakini ina kikomo. Ikikipita inalegea moja kwa moja, na ule weupe ndio alama yake. Kwa moldi (umbo la kupigia) ileile na unene uleule, kinachopandisha au kushusha kikomo hicho ni mchanganyiko. Polipropilini ngumu, namba 5 kwenye alama ya aina ya plastiki iliyo chini ya chombo, huvumilia mvuto wa karibu kilo 300 kwa sentimita ya mraba kabla ya kulegea. Namba 2, ya madumu, kwa kawaida iko chini kidogo ya hapo. Namba 4, ya mifuko laini, ni kama theluthi tu. Na hivyo ni vipimo vya kivulini: chini ya turubai la lori mchana, zote hushuka.

Mteja wetu alikuja na malighafi yake, viroba vya plastiki iliyosagwa aliyoipata kwa bei ya chini sana, akataka kulipia kazi ya mashine tu. Muuzaji alimhakikishia ni namba 5 tupu, kwa kuwa inaelea majini. Maji yanatenga chupa za soda, kwa sababu hizo huzama. Namba 2, 4 na 5 zote zinaelea! Tuliona vipande vya mifuko laini mle, tukamwambia kabla ya kupiga kreti, tukaandika kwenye oda, naye akasaini.

Wengine hudhani ukichanganya namba 2 na namba 5 nusu kwa nusu utapata kitu cha katikati. Kwenye silinda ya mashine zinayeyuka pamoja, na kipande kinatoka kinang'aa, lakini ndani hazishikani. Kikomo cha kulegea chaweza kweli kuangukia katikati. Tatizo ni baada ya hapo: plastiki safi huvutika kwanza na kukuonya, mchanganyiko hukatika papo hapo. Muuza maji mmoja alituletea ndoo zilizopigwa kwingine, masikio yote yamekatika bila hata kupinda. Tulipovunja moja, ndani ilikuwa na matabaka yanayobanduka.

Halafu kuna chokaa. Kila mwezi tunaombwa tuongeze unga wa chokaa ili bei ishuke. Chokaa hufanya kipande kiwe kigumu mkononi, na hicho ndicho kinachomdanganya mnunuzi, kwani chembe zake huachana na plastiki mapema mzigo ukizidi, na kikomo kinashuka. Tena ni nzito, karibu mara tatu ya plastiki kwa ujazo uleule. Kreti ya kilo 1.6 ukiitia chokaa asilimia 30 inafika kilo 2, na ndani yake bado kuna kilo 1.4 za plastiki. Umeokoa gramu 200, kisha unasafirisha gramu 400 za ziada kila safari. Mama lishe mmoja alinunua stuli za namna hiyo kwa fundi mwingine kwa sababu zetu zilikuwa ghali. Miguu ilitanuka, akaja kwetu kununua nyingine, akawa amelipa mara mbili.

Si kwamba kikomo cha juu ndicho bora siku zote. Kwa kreti tunatumia polipropilini yenye sehemu ya mpira, inayolegea mapema kidogo kuliko ile ngumu, kwa sababu kreti hurushwa na wapakiaji na lazima istahimili kudondoka. Stuli tunaipiga kwa ile ngumu. Uchaguzi huo, na kuacha kreti ipoe mpaka kesho yake ndipo tuijaribu kwa kuijaza mchanga na kuipanga usiku kucha, vimo ndani ya bei yetu.

Mabaki ya moldi zetu tunayarudisha kwenye hopa, tukijua yalikotoka. Malighafi yako pia tutaipiga, ila leta kiroba kimoja kwanza. Tutatoa kreti chache za majaribio, tuzijaze ukiwepo, na ukiweka oda, gharama ya jaribio tunaikata kwenye ankara.