Maua yapandwe mvua ikianza, sio mgeni akija

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma kila nikipita hapa mjini Mbeya. Mwezi wa saba, baridi imekaza na vumbi kila kona, nikawakuta vijana wanapanda maua kwenye tuta la katikati ya barabara, yametolewa kwenye viriba yakiwa yamechanua kabisa, kumbe kuna mgeni anakuja. Mgeni kaja kaondoka, boza la maji halikurudi tena, wiki ya tatu tuta lote vijiti vikavu na chupa za maji. Na mwaka juzi ilikuwa hivyohivyo.

Jamani huku kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi na moja inaenda mpaka wa nne, hiyo yote Mungu anamwagilia bure, kwanini tupande kiangazi?

Mimi kwangu Uyole nina matuta mawili mbele ya nyumba. Oktoba natifua, nachanganya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri (ile mbichi inaunguza mizizi, wengi wanakosea hapo), mvua za kwanza zikishika ndo napanda. Kiangazi kikifika mizizi imeshashuka, natandaza nyasi kavu, ndoo mbili kwa wiki zinatosha. Na sinunui, mawaridi nachomeka matawi tu yanashika, na yale meupe ya umbo la tarumbeta jirani ananichimbulia vitunguu vya maua hayo (vile vya kupanda) na mimi nampa vya kwangu.

Mfano mwingine Kitulo hapo juu, wenyewe tunaita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, aina zaidi ya 350 za mimea na okidi za ardhini peke yake 45. Nani anamwagilia kule? Kiangazi okidi zinajificha chini kama viazi, mvua ikija zinaamka zenyewe. Ila tafadhali mtu asiende kung'oa huko aje kupamba mjini, chikanda (vile viazi vya okidi vinavyoliwa) zinavyochimbwa kupelekwa Zambia inatosha.

Ombi langu kwa wahusika, hela ya viriba vya mwezi wa saba ikae mpaka wa kumi na moja. Na kama wachimbaji hawatoshi, sisi kina mama mtaani majembe tunayo na miche ya kugawa bure tunayo, mtuite tu tutakuja.

Mama wa Uyole, Mbeya