Karatasi ya mahudhurio si ridhaa ya kijiji

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu ya ile habari yenu kuhusu msitu wa kijiji chetu hapa Liwale na kampuni inayotafuta cheti cha FSC, cheti cha misitu inayotunzwa vizuri, ili iuze mbao nje. Mwandishi wenu anasema wananchi "wameridhia" msitu ufungwe. Aliwauliza akina nani? Walionukuliwa ni mtu wa kampuni na kiongozi mmoja. Hakuna mkulima hata mmoja.

Kikao kinachotajwa nilikuwepo. Kiliitishwa Novemba, wakati watu wako mashambani wanaokota korosho, na taarifa yake ilitufikia jana yake jioni. Wageni walikuja na ramani yenye maandishi ya Kiingereza, wakaibandika ukutani na kuzungumza haraka kwa sababu gari lilikuwa linasubiriwa kwingine. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, tukaandika majina na kusaini, kama mtu yeyote anavyofanya akifika kikaoni. Bibi mmoja akasimama, akauliza msitu ukifungwa yeye atachimba wapi ming'oko, vile viazi vya porini, mwaka wa njaa. Akajibiwa kwamba hilo litaangaliwa kwenye mpango wa usimamizi. Akauliza tena: na tukikataa? Hapo hakujibiwa kabisa, soda zikaanza kugawiwa. Miezi kadhaa baadaye mkaguzi wa cheti alikuja, akapelekwa msituni na gari la kampuni ileile, na alipoulizia ushahidi wa ridhaa alionyeshwa karatasi ile. Jina langu limo. La yule bibi limo pia, yeye aliyekataa mbele ya kikao kizima! Na wakati ule mawe ya mipaka yalikuwa yameshachimbiwa. Ni sawa na kumwuliza binti kama anamtaka mume wakati mahari imeshaliwa.

Tumeambiwa haki hii ya ridhaa ni ya Wahadzabe na Wamasai, kwamba sisi Wangindo ni wakulima wa kawaida. Si kweli. Katika vigezo vya FSC, mfumo wa cheti cha misitu ulioanza mwaka 1993, Kanuni ya 3 inahusu watu wa asili na Kanuni ya 4 inahusu jamii nyingine zinazoishi na kutegemea msitu. Zote mbili zinataka ridhaa iliyo huru, iliyotolewa mapema, na inayotolewa na watu waliopewa taarifa kamili. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu watu wa asili, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo, nalo linataka ridhaa itafutwe kabla mradi haujaidhinishwa. Hata tukiweka vigezo vya wageni pembeni, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaidhinisha. Kampuni haikulazimishwa na mtu kutafuta cheti. Imejiingiza yenyewe, kwa hiyo itimize masharti yake yote, pamoja na lile la kutuacha tukatae.

Na jambo hili linawezekana. Jirani zetu wa Kilwa, wakianza na vijiji vya Kikole na Kisangi, walipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa misitu iliyo mikononi mwa vijiji vyenyewe. Mpingo ni wao na wanaouuza ni wao.

Tena si msitu tu. Kwenye korosho ni hivyohivyo. Makato yanaamuliwa huko juu, sisi tunakuja kuyaona siku ya malipo, na ukihoji kwenye chama cha ushirika unaambiwa mkutano ulishapitisha. Mkutano upi? Muhtasari uko wapi? Mtu amepulizia salfa mikorosho yake kwa mkopo, halafu anaarifiwa kwamba alikubali kukatwa.

Ninachotaka kifanyike ni hiki. Mkutano urudiwe baada ya msimu wa korosho, usiwe Ijumaa mchana. Ramani na mkataba viandikwe kwa Kiswahili na vibandikwe ofisi ya kijiji, msikitini na kwenye mashine ya kusaga mwezi mzima kabla. Mkaguzi aje kwa basi, alale kijijini, asindikizwe na mtu tutakayemchagua sisi. Siku ya kuamua, wanaokubali wasimame upande wa shule, wanaokataa upande wa kisima, wahesabiwe kwa sauti mbele ya watu wote. Wa kisima wakizidi, mawe yang'olewe. Mwandishi wenu naye awepo, na gazeti lichapishe idadi zote mbili.

Mwalimu mstaafu,
Liwale, Lindi