Nyumba moja, majimbo matano

Portree, Kisiwa cha Skye, Uskoti
14 Julai 2024

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, ila mvua haituachi.

Uliniuliza imekuwaje Uingereza imeshapata waziri mkuu mpya na sisi huku bado tulikuwa tunangoja mbunge. Simu ikakatika kabla sijakujibu, na jambo lenyewe nalipenda, kwa hiyo nakuandikia.

Kwanza ujue nilipiga kura, Alhamisi ile ya tarehe 4! Raia wa Jumuiya ya Madola tunaoishi huku kihalali tunaruhusiwa. Nilitoka zamu nikafika kituoni saa tatu na nusu usiku, jua bado halijazama. Nikatoa pasipoti yangu ya Tanzania, msimamizi akaweka rula kwenye orodha, akalikata jina langu taratibu. Penseli ya kibandani imefungwa kwa uzi. Mkono ulinitetemeka, Rehema.

Nina bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka tisini na ushee. Hajawahi kuhama nyumba, lakini amepiga kura katika majimbo matano. Ujanani mwake Skye ilikuwa chini ya jimbo la Inverness. Mwaka 1983 ikawa Ross, Cromarty na Skye. Mwaka 1997 wakaunganishwa na Inverness Magharibi, 2005 na Lochaber, na sasa wamerudishwa kwa Inverness, pamoja na Ross ya magharibi. Kisiwa kina watu kama elfu kumi tu, hakiwezi kusimama peke yake, basi kila mipaka inapochorwa upya wanatafutiwa jirani mwingine.

Mbunge aliyebaki nao ni Charles Kennedy. Mwaka 1983 alikuwa na miaka 23, akamwangusha Hamish Gray aliyekuwa waziri. Alishinda mara saba mfululizo, na majina ya jimbo yalibadilika mara mbili yeye yumo. Akaja kuwa kiongozi wa chama cha Liberal Democrats. Mwaka 2015 chama cha SNP, kinachotaka Uskoti iwe nchi huru, kilizoa viti 56 kati ya 59 vya Uskoti, naye akashindwa na Ian Blackford. Hata mwezi haukuisha, akafariki, tarehe 1 Juni. Bibi akimtaja mpaka leo sauti inashuka.

Sasa ukubwa. Jimbo lile la Ross, Skye na Lochaber lilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 12,000, linaukaribia mkoa wetu wa Kilimanjaro. Kilimanjaro ina wabunge tisa wa majimbo. Wao walikuwa na mmoja, kwa wapiga kura kama 54,000. Barabara nyingi ni nyembamba za gari moja, mkikutana mmoja anajibanza pembeni. Sheria yenyewe imebidi iweke kikomo: jimbo lisizidi kilomita za mraba 13,000. Safari hii Uskoti imepunguziwa viti kutoka 59 hadi 57, na karibu kila jimbo linatakiwa liwe na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062. Ndiyo maana wakatuunganisha na mji wa Inverness. Mimi naona si haki. Siku isiyo na ukungu tunaviona visiwa vya magharibi ng'ambo ya maji. Vina wapiga kura kama 21,000, na sheria inawalindia mbunge wao. Siwaonei wivu, ila natamani na huku ingeangaliwa ardhi na bahari, si hesabu ya vichwa peke yake.

Kuhusu kuchelewa: kura zilipohesabiwa Ijumaa, idadi haikulingana na ile ya karatasi zilizohakikiwa mwanzo, ikabidi kazi irudiwe Jumamosi. Tukawa wa mwisho nchi nzima. Angus MacDonald wa Liberal Democrats akamshinda Drew Hendry wa SNP kwa kura 2,160, na chama chake kikatimiza viti 72.

Jumatatu nilipomfikia bibi, redio ilikuwa imeshamwambia yote. Alinipa daftari lake la zamani lenye jalada la kitambaa. Ndani, kwa mwandiko wake, mna majina manne ya majimbo, moja chini ya jingine. Macho hayamsaidii tena, akaniomba la tano nimwandikie mimi. Nikaliandika kwa herufi kubwa.

Nisalimie mama, na uniambie kama mwembe wa uani umezaa mwaka huu.

Wako,
Zainabu