Usiifungue ile chupa

Alba, 14 Novemba

Ndugu yangu Lazaro,

Mbukwa! Mimi mzima, ila baridi imeshaanza kuingia kwenye mifupa. Ukimya wangu nitauelezea siku nyingine, leo nina haraka. Yusta ameniambia ile chupa ya mvinyo niliyompa akuletee umeiweka juu ya kabati la jikoni, unangoja sendofu ya Neema uifungue, tena mtainywa na barafu. Lazaro! Barafu?

Ile ni Barolo, mvinyo mwekundu wa huku Italia, ya 2016, na mwaka huo huku kwenye milima ya Langhe bado wanausifu. Kwa mshahara wangu nisingeigusa. Mzee wa shamba alinipa nilipomaliza msimu wa tatu wa kuvuna. Sheria yao hairuhusu kuiuza kabla haijatulia miezi 38, na miezi 18 kati ya hiyo lazima ikae kwenye pipa la mbao. Sisi huko nyumbani hela ya zabibu ikichelewa wiki mbili nyumba nzima hailali.

Halafu usije ukaimimina ukadhani nimekutapeli. Rangi yake nyepesi, vidole unaviona upande wa pili wa glasi, na pembeni inaelekea rangi ya tofali. Mimi mara ya kwanza nilijua wameongeza maji. Nikapiga funda, ulimi ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi! Inatengenezwa kwa zabibu ya Nebbiolo, na ndivyo ilivyo, ina ukakasi. Ukiipa muda inalainika, harufu ndiyo inatoka: waridi, na nyuma yake lami. Ndiyo, lami ya barabarani. Waliponiambia nilicheka, sasa naisikia kila nikiinusa.

Baba atanielewa kuliko wewe, usikasirike. Mwambie huku hakuna kuvuna mara mbili kwa mwaka kama hapo Hombolo. Ni mara moja, Oktoba, wakati zabibu nyingine karibu zote zimeshaingia ndani na Nebbiolo bado iko mlimani kwenye ukungu. Tunakata kwa mkono, mguu mmoja juu, mwingine chini. Nyonga yangu ya kushoto... haya, tuyaache.

Kwa hiyo kwenye kabati itoe leo. Ilaze chini ya kitanda, kwenye giza, mbali na joto la jiko. Ikipata mahali pa baridi hata miaka kumi mingine inakaa. Ila nakujua. Kama lazima iwe sendofu, ifungue mapema, saa chache kabla watu hawajafika, uimimine taratibu kwenye jagi la kioo, machicha yabaki chupani. Inyweni na nyama, keki hapana. Huku wanaipikia hata nyama ya ng'ombe, inachemka polepole ndani ya Barolo mpaka inalainika yenyewe. Siku ya kwanza kuona vile niliumia moyo kama nimeibiwa. Na soda isisogee karibu!

Sasa nijibu. Neema anaagwa tarehe ngapi hasa? Mahari imeisha au bado mnavutana? Yule fundi alirudi kumalizia paa? Baba bado hasemeshani na mnunuzi wake? Na kizibo mtakitoa na nini, au mtakisukuma ndani kwa kijiti kama ile ya Pasaka?

Barafu, Lazaro. Barafu kweli?

Wako,
Elia