Barua kwa mwanangu aliyeko Pune, India: sari na pikipiki

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sote wazima, alhamdulillah. Nimeamua kukuandikia kwa sababu ujumbe wa sauti unausikiliza nusu kisha unanijibu "sawa mama", na hili sitaki lijibiwe hivyo. Nimeiona picha. Umekaa upande juu ya pikipiki, umevaa sari ya buluu, na pallu, ile ncha ya sari ya begani, inapepea nyuma yako. Dada zako wameipenda, shangazi yako ameshaitawanya kwa ukoo mzima. Mimi kila nikiitazama naona ncha ya sari na gurudumu la nyuma, na baina yao hapazidi shubiri.

Usipande tena pikipiki na sari.

Ukiona ninakuzidishia kama mama, basi nisikilize kama fundi. Hiyo uliyojifunga ni nivi, yenye marinda mbele na ncha inayopita bega la kushoto. Ni kitambaa cha kama mita tano na nusu, na hakuna sindano iliyopita popote kukushikia. Kinashikwa na kamba ya gagulo na pini mbili tatu. Ukikaa upande, miguu ikaelekea kushoto, mgongo wako unageukia kulia kwa pikipiki, na pallu inaangukia huko mgongoni usikoona. Sheria ya India yenyewe inataka kila pikipiki iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, makusudi nguo ya anayebebwa isinaswe. Serikali haiandiki kanuni kama hiyo bila watu kuumia. Na kinga hiyo aghalabu hufungwa kushoto, miguu inakokaa. Kulia, ilikoning'inia ncha yako, kuna spoku na ekzosi ya moto.

Najua utasema wanawake wa huko hupanda hivyo kila siku kwenda kazini na sokoni. Ni kweli, lakini watazame vizuri. Kabla ya kukaa, huizungusha pallu kiunoni, huichomeka, na ncha huilaza mapajani na kuishika. Wameyaona hayo kwa mama zao tangu wadogo. Wewe umejifunza kwa video ya simu, na anayefundisha humo amesimama mbele ya kioo, hajapanda kitu. Yaliyompata binti wa jirani na mtandio wake kwenye bodaboda unayajua, sina haja ya kuyaandika hapa.

Lakini marinda yako nimeyaona pia. Yamelala sawasawa, upana mmoja, yameelekea kushoto kama inavyotakiwa, na pindo inagusa kisigino bila kuburuta. Nimewavisha maharusi wa Kihindi hapa mjini miaka mingi, na wapo waliozaliwa ndani ya sari wasioweza kupanga marinda hivyo. Nilimwonyesha baba yako. Yeye aliona kiuno. Nikamwambia blauzi ile uliyoondoka nayo imekatwa fupi kwa sababu kitambaa hakikutosha, na aliyeikata ni mimi, kwa hiyo asikulaumu wewe. Nitakushonea nyingine, mikono hadi kiwikoni na urefu wa kufika kiunoni. Huko nyuma blauzi za namna hiyo ndizo zilizokuwa za heshima. Aliyeeneza mtindo wa sari na blauzi na gagulo kule Bengal ni Jnanadanandini Devi, mke wa Satyendranath Tagore, shemeji yake yule mshairi Rabindranath Tagore. Alikwenda Bombay na mumewe, akaona Waparsi wanavyovaa, akarudi Kolkata na namna ya kujifunga ambayo mwanamke anaweza kutoka nayo nje mbele za watu. Alizaliwa mwaka 1850, na mpaka leo mafundi tunaishi kwa blauzi.

Naujua upepo ule kwenye picha umetoka wapi. Umetoka kwenye sinema. Yash Chopra aliwavika waigizaji wake shifoni akawasimamisha kwenye milima ya theluji Uswisi, na upepo ule ulikuwa sehemu ya kazi, sari nyepesi ipepee, watu wapendezwe. Hakuna aliyekuwa juu ya gurudumu. Na ile ya rangi ya chungwa ya Mumtaz katika Brahmachari ya mwaka 1968, ambayo bibi yako na mashoga zake walitoka zanana, sinema ya wanawake watupu, wakijaribu kuiigiza kwa kanga, haikuwa ya kujifunga hata kidogo. Ilishonwa kabisa, na zipu ndani, ndiyo maana Mumtaz aliweza kuruka na kuzunguka nayo wimbo mzima na isitoke mahali pake. Aliyeibuni ni Bhanu Athaiya. Mwanamke huyo alizaliwa Kolhapur mwaka 1929, na mwaka 1983 akawa Mhindi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, kwa mavazi ya filamu ya Gandhi. Fundi wa nguo, mwanangu. Unakwenda harusini kwenye mji wake na nina hakika hakuna aliyekutajia. Uliza. Mimi ningekuwa huko ningeuliza.

Sasa hiyo harusi. Umesema rafiki yako atakuvisha sari ya nauvari siku ya kwanza, na siku ya pili mama yake atakuazima ya Paithani. Umesema pia kwamba Gudi Padwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, umewaona wanawake wa Maharashtra na nauvari na vilemba wakiendesha pikipiki barabarani, kwa hiyo sina hoja. Hoja ninayo. Nauvari ni karibu mita nane, na kitambaa hupitishwa baina ya miguu kikachomekwa nyuma kiunoni, ile wanayoiita kashta, kila mguu ukabaki umefungwa peke yake kama ndani ya suruali. Aliyevaa hivyo hukaa mkao wa kawaida, mguu huku na mguu huku. Ukinipandia pikipiki na nauvari, pallu imefungwa kiunoni kwa nguvu, nitanyamaza, japo sitafurahi. Hiyo ya siku ya pili ni nyingine. Paithani hujifungwa kama ile ya buluu, na ni hariri yenye zari, nzito, ikinaswa haichaniki upesi ikakuachia. Itakuvuta.

Kutoka Pune mpaka Kolhapur ni kama kilomita 230. Nimesikia mnapanga kwenda kundi zima kwa pikipiki. Kata tiketi ya basi. Sari zibebe begani, uvalie huko huko. Kama fedha ya basi ndiyo tatizo niambie, usione haya, nina akiba ya kushona sare za skuli.

Paithani ya mtu ukiivaa, manukato jipulizie kabla, nguo ikiwa bado kitandani, kwa sababu yakigusa zari huifanya nyeusi. Usiifue kwa maji. Ukiivua iache ipigwe na hewa kivulini, kisha ikunje kwa mikunjo tofauti na ile uliyoikuta, maana hariri ikikunjwa pale pale kila siku hukatika, na uirudishe imefungwa kwa kitambaa cha pamba. Mwenyewe ataona umelelewa. Usivae nyeupe harusini, kwa mila yao nyeupe ni ya wajane. Na ukiwaona mabibi wa Kibengali wamefunga funguo kwenye ncha ya sari na kuitupa begani, ujue ni sawa na sisi tunavyofunga pesa kwenye pembe ya kanga.

Jambo jingine ni uzito wa pindo. Sari yako ya buluu inaruka kwa sababu huko chini haina ule ukanda wa pamba unaoshonwa kwa ndani. Ukanda huo ndio unaoishusha sari, na huzuia visigino visiile pindo. Mafundi wa Laxmi Road watakushonea kwa bei ndogo, lakini waambie washone kwa mkono, bandi ndogo ndogo, uzi wa rangi ile ile. Wa mashine hukunja kitambaa. Kamba ya gagulo nayo usiikaze mpaka ikaacha alama. Tumia ukanda mpana, na fundo liweke ubavuni. Pini ya begani ipitishe kwenye blauzi pia, isishike sari peke yake. Na hayo yote hayatoshi kwa pikipiki, usije ukasema mama alinionyesha namna ya kupanda. Sikukuonyesha.

Una miaka miwili bado huko, nami siwezi kukukataza kila kitu kutoka Unguja. Ukitaka kula chakula chao, kula. Ukitaka kujifunza Kimarathi, jifunze, baba yako amefurahi sana aliposikia unawasalimia wagonjwa kwa lugha yao. Hili moja tu ndilo ninalokukatalia.

Huku mvua imeanza mapema. Lile bati la jikoni linavuja tena pale pale, kaka yako ameahidi kulipanda Jumamosi na ameahidi hivyo tangu mfungo uishe. Shangazi yako anataka bangili za kijani za vioo wanazovaa maharusi wa huko, lakini mnunulie zikiwa nyepesi, mkono wake umevimba na daktari amemwambia apunguze chumvi. Cherehani ya miguu nimeitengenezesha mkanda, inakwenda vizuri, ile ya umeme nimeiuza, isikusikitishe, ilikuwa inakula nyuzi. Mdogo wako amefaulu hesabu. Hakufanya vizuri Kiingereza na anasema ni kwa sababu wewe hupo, basi mpigie simu usiku mmoja umsomeshe.

Nitumie vipimo vyako vipya kwa blauzi: kifua, kiuno, bega mpaka kiwiko, na mduara wa mkono. Usikisie, mwambie mwenzako akupime, na usivute tumbo ndani. Kuna mtu wa hapa mtaani anakuja Pune kwa matibabu mwezi ujao, nitampa aichukue. Akirudi mpe nyuzi za zari kutoka soko la Tulsi Baug, nina kanzu mbili za harusi za kutarizi. Nataka dhahabu iliyokoza, ile ya manjano inayong'aa sana haifai, wateja wanaikataa. Rili tatu zinatosha.

Wassalaam,
Mama yako